Aliniambia Utani Pembeni, Nami Nikadanganya

Mie ndiye niliyeua kompyuta ya shirika letu. Sikuipiga nyundo, sikuimwagia maji, wala sikukata waya. Niliiua kwa neno moja, nimekaa kwenye kiti changu, kikombe cha chai mkononi.

Miaka yote hii watu wanasema iliuawa na umeme. Wengine wanasema vumbi la Temeke. Meneja wetu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini wafadhili walituletea mashine mbovu na mtaalamu mbovu. Mie nasikiliza tu. Kwenye kahawa nasikiliza, msibani nasikiliza. Nimechoka kusikiliza. Nawaambia nyie msionijua sura, maana wanaonijua sura siwezi.

Jina langu liacheni, na la shirika pia. Jueni tu kuwa mie ni Mzaramo wa Mbagala, shule niliishia darasa la nne, na nilikuwa mtunza stoo wa shirika la umma lililokuwa linatengeneza na kufunga pampu za maji. Stoo yetu ilikuwa Temeke, kule upande wa viwandani. Ikiwa andiko langu linakwenda huku na huku mnivumilie. Ndivyo ninavyozungumza, na kuandika kwangu ni kuzungumza tu, ila polepole.

Pale kazini waliniita Baba Stoo. Nilikuwa na dirisha langu lenye nondo, na kila mtu alisimama mbele ya dirisha lile. Fundi alisimama, karani alisimama, na meneja mwenyewe akitaka kitu alikuja kusimama akaniita mzee, na umri alikuwa amenizidi. Nyumbani nilikuwa mtu wa kawaida, nadaiwa kodi kama wengine. Dirishani nilikuwa mfalme.

Ufalme wenyewe ulitokana na hivi. Pampu zetu zilikuwa za misaada. Kila nchi iliyotusaidia ilileta pampu zake na majina yake, kwa hiyo kifaa kimoja kilikuwa na majina matatu ya kigeni, na mafundi wakakipa la nne la kwao. Kadi zilikuwepo, lakini mchwa walizisoma kabla yetu. Aliyejua kuwa kitu hiki ndicho kile, na kiko rafu ya ngapi nyuma ya boksi gani, alikuwa mmoja tu, mie.

Hata kabla ya kompyuta tulishaletewa mashine. Ilikuwa mzani mkubwa wa kisasa, na kitabu chake kimeandikwa lugha ambayo hata balozi wao sijui kama angeisoma. Hakuna aliyetuuliza kama tunapima kitu. Ukakaa pale kona, mlinzi akawa anaanikia soksi zake. Kwa hiyo tuliposikia kompyuta inakuja, tulijua soksi zimepata pa kukaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imejaa Manzese, kila mwenye kibanda anauza sabuni ya nje, na mashirika yetu ya umma yanaanza kunuka kifo. Wafadhili walimwambia meneja waziwazi: shirika lenu halijui lina nini stoo. Mnaagiza msichohitaji, mnachohitaji hamna. Tutawapa kompyuta na mtu wa kuiweka sawa. Stoo ikieleweka, tutaendelea kuwasaidia. Isipoeleweka, shirika liuzwe. Meneja alitukusanya uwanjani akatuambia hivyo hivyo. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Kompyuta ikaja. Ikapewa chumba chake, kikawekwa zulia na mashine ya baridi, na ukiingia unavua viatu kama msikitini. Katibu muhtasi akaifumia kitambaa cheupe, akaifunika. Sie tunatoka jasho, yenyewe inapulizwa.

Fundi Chilumba, Mmakonde mmoja rafiki yangu sana, aliichungulia kwenye kioo akaniambia, "Kaka, ile ikijua vitu vyako viko wapi, wewe wa nini tena?" Alikuwa anacheka. Mie nilicheka naye. Lakini lile neno halikutoka. Lilikaa hapa kifuani kama tonge lililokwama.

Mtu wa kuiweka sawa alikuwa mwanamke. Nilitegemea kijana wa tai, akaja dada wa makamo ya thelathini hivi, Kulwa jina lake, Mnyamwezi mzaliwa wa Tabora. Siku ya kwanza alifika dirishani, akaniamkia vizuri, akaniuliza mie mtu wa wapi. Nikamwambia Mzaramo. Akaichukua ile shikamoo yake akairudisha mfukoni.

"Kumbe nimemwamkia mtumwa wangu," akasema. "Fungua mlango, bwana wako amefika."

Wasiojua watashtuka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, tangu misafara ya kwenda bara. Mtani wako anakutukana na hukasiriki. Anakuchukulia kofia yako na hushitaki. Ukifa, anakuja kuwachekesha waliofiwa, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Nami nikamjibu kuwa babu yake alibeba mizigo ya babu yangu, na wapagazi hawafunguliwi mlango. Akacheka mpaka akashika nondo. Tangu siku ile tukawa watu wa kila siku.

Kulwa hakukaa kwenye chumba cha baridi. Hilo nataka mlisikie, maana baadaye walisema mradi ulikufa kwa sababu mtaalamu hakuwajali watu. Si kweli. Alikuja stoo, akajifunga kitenge juu ya gauni lake, akakaa juu ya boksi, akala mihogo yetu ya kuchoma na pilipili. Aliwauliza makarani wanafanyaje kazi, akamwuliza hadi mlinzi nani huwa anaingia.

Nami aliniambia hivi: hakutaka kutumia majina ya wafadhili. Alitaka yale ya kwetu, tunayotumia wenyewe, dume, jike, kofia, ulimi. "Mashine isiyosema maneno ya wenye kazi, wenye kazi wataifunika kitambaa," akasema. Na akaniambia mashine haina akili, kazi yake ni kukumbuka, akili itabaki kwangu. Ningepunguziwa kupanda ngazi tu.

Nilimsikia. Sikumwamini. Nilikuwa namwona yeye, lakini nasikia sauti ya Chilumba.

Tukaanza rafu moja baada ya nyingine. Mie nashika kifaa, nasema jina, yeye anaandika, kesho yake anakwenda kuingiza kwenye mashine. Tukafika kwenye viungio vya mabomba ya pampu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa roho ya stoo, hakuna pampu inayofungwa bila hivyo. Viko vya aina mbili. Kimoja kina meno kwa nje, hicho huingia ndani ya mwenzake. Kingine kina meno kwa ndani, hicho hupokea. Cha kuingia mafundi wanakiita dume, cha kupokea wanakiita jike. Mtoto mdogo anaelewa kwa nini.

Nikashika dume nikasema, "Hili jike."

Nilianza kwa utani, wallahi. Nilitaka nimpe cha kucheka.

Kulwa akainua macho. Akalichukua, akachukua na jike, akaviunganisha. "Mtani, hiki si ndicho kinachoingia?"

Nikamwambia nyie watu wa bara hamjui ndoa. Kwetu pwani mwenye nyumba ni nani? Dume. Anayeingia nyumbani kwa mwenzake ni nani? Mke, analetwa na ngoma. Basi anayeingia ni jike, anayepokea ni dume.

Alicheka vizuri sana. Karani wa jirani naye akacheka. Kisha Kulwa akaweka kalamu chini. Uso wake ukatulia.

"Haya mtani. Utani pembeni. Hili ni dume au jike?"

Sasa nyie mnaotoka makabila yasiyo na utani, nisikilizeni hapa. Utani una mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe ni maneno hayo. Mtani akikwambia utani pembeni, mchezo umekwisha. Unamwambia kweli, hata kama kweli yenyewe inauma. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kuswali. Asiyejibu kweli hapo si mtani, ni adui aliyejipaka unga.

Nilikuwa nimelishika lile dume. Lilikuwa la baridi, lina grisi. Nikaona dirisha langu, nikaona meneja amesimama mbele yake. Nikaona dirisha halina mtu.

Nikasema, "Utani pembeni. Jike. Mafundi wote wanaita hivyo."

Akaandika.

Akaniambia angeweza kwenda kuwauliza mafundi, lakini akishaniuliza mie mkubwa kisha akaenda kuuliza nyuma ya mgongo wangu, atakuwa amenivunjia heshima. Akaendelea na rafu iliyofuata. Kwenye rafu zile nyingine zote nilimwambia kweli. Nilibakiza uongo ule mmoja kama mtu anavyobakiza ufunguo wa akiba.

Mnaweza kuuliza, kwa nini haukugundulika mapema? Kwa sababu mie niliulea. Fundi alikuja dirishani akataka dume, nikampa dume kwa mkono wangu. Karani akiniuliza nimetoa nini aandike, namwambia jike. Fundi hakusoma karatasi ya karani, na karani hakushika vyuma. Mashine ilikuwa inasema uongo, na katikati nilikaa mie nikiurekebisha, siku zikaenda, kila mtu akawa anaona kompyuta inafanya kazi. Kulwa alikuwa anafurahi. Alileta maandazi siku karatasi ya kwanza ya stoo yote ilipochapwa. Nilikula mawili.

Na niwaambie lililo baya zaidi. Nilijisikia vizuri. Kila nilipotoa kifaa niliona kuwa bila mie ile mashine ni redio bila betri. Sikuwa na mpango mwingine. Sikuwaza mbele. Mtu muoga hawazi mbele, anawaza mlango tu.

Majike ya kweli yakaanza kuisha. Kompyuta, kwa maneno niliyoilisha mie, ikasema madume yanaisha. Orodha ikaenda ofisi ya ununuzi kule juu, wakatafsiri kwa Kizungu, wakaagiza nje. Madume. Kiangazi kinakuja, vijiji vimeshalipia pampu, na wafadhili wanataka kuja kuona agizo la kwanza lililofanywa kwa kompyuta.

Nilijua. Karatasi ya kuagiza ilipita dirishani kwangu niiwekee sahihi kuwa stoo ina nafasi. Ningeweza kusema siku ile. Nilitia sahihi, nikaenda kuswali adhuhuri. Sikumbuki kama nilihisi kitu.

Kontena lilifika wafadhili wakiwepo, wametandikiwa viti chini ya turubai. Chilumba ndiye aliyepewa heshima ya kufungua boksi la kwanza. Akatoa kimoja, akakigeuzageuza. Akatoa cha pili. Akafungua boksi la katikati, akafungua la mwisho.

"Dume," akasema. "Na hili dume. Jamani, humu ndani ni harusi ya wanaume watupu."

Mafundi walicheka. Walicheka kwa sababu walidhani majike yako nyuma kwenye kontena. Hakukuwa na nyuma.

Kulwa akasogea. Akachukua kimoja kwenye boksi, akaja kwenye rafu yangu akachukua kingine, akajaribu kuviunganisha. Vikagongana vichwa. Akasimama hivyo, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Kisha akaniangalia. Hakunitazama kwa muda mrefu. Alitazama jinsi mtu anavyotazama saa, akishajua ni saa ngapi anaacha.

Tuliitwa ofisini kwa meneja. Mie nilikaa karibu na mlango, funguo za stoo mapajani. Meneja aliuliza swali moja tu, nani aliyetoa majina haya. Mzungu mmoja alikuwa na kalamu tayari.

Kulwa akasema, "Orodha niliiandika mimi. Nilikosea."

Mzungu akaandika. Mdomo ulikuwa wangu, nao haukufunguka. Nilikuwa nasikia mashine ya baridi ya chumba cha pili ikinguruma, nikawa nafikiria kuwa inahitaji kusafishwa.

Alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Alipokuwa anaondoka alipita stoo kuaga. Aliwaaga makarani kwa majina, akamuaga mlinzi. Dirishani kwangu aliniambia, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Kumbe hiyo ilikuwa salamu ya mtu na mzee asiyemjua.

Kompyuta ikafunikwa kitambaa chake, haikuwashwa tena, na ripoti ikaandikwa. Chilumba alisomewa na karani, naye akanisimulia. Umeme haukuaminika. Wafanyakazi hawakupata mafunzo ya kutosha. Uongozi wa juu haukujihusisha. Mtaalamu hakuyaelewa mazingira. Yote hayo yalikuwa na ukweli kidogo, umeme ulikatikakatika kweli, na meneja hakuwahi kuvua viatu kuingia chumba kile hata siku moja. Lakini yote hayo tulikuwa tumeyashinda. Kulwa aliyashinda kwa mihogo na kitenge. Hakukuwa na mstari uliosema: Mzaramo mmoja aliogopa kukosa wa kusimama dirishani kwake.

Shirika likauzwa. Aliyelinunua alikuja na kompyuta zake na watu wake, na sie tukapunguzwa, karibu wote. Redandansi, ndivyo walivyoita. Dirisha langu likazibwa kwa matofali. Nilipita pale siku moja nikaona rangi mpya, hata huwezi kujua palikuwa na tundu.

Madume yale yaliuzwa kama chuma chakavu, yakasambaa mji mzima. Utayaona yamezuia milango, yamekalia karatasi mezani, watoto wanayavuta kwa kamba. Chilumba ana kibanda cha ufundi Manzese, ana ndoo nzima imejaa. Nikienda kumwona huwa ananitania, "Kaka, hujawapatia hawa wachumba?" Hajui. Mpaka leo hajui. Watoto wake waliacha shule mwaka ule tuliopunguzwa, na yeye ananikaribisha chai.

Sikuwahi kumtafuta Kulwa. Nilisikia amehamia Tegeta, kapanga chumba anafundisha watu kuchapa kwa kompyuta. Tegeta si Ulaya. Sikwenda.

Kisha mke wangu akafariki. Aliugua kidogo tu. Chilumba ndiye aliyepeleka habari kwa watu wote tuliofanya nao kazi, na Kulwa akaja Mbagala. Nilimwona anaingia uani kajitanda kanga, akakaa na kina mama.

Watani wengine walikuwepo, Wanyamwezi wa mtaani kwetu. Walifanya yao vizuri. Mmoja alivaa kanga ya marehemu akaiga alivyokuwa akinigombeza, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mwingine alilala kizingitini jeneza lisitoke, akadai kuku. Nami nilikuwa nimekaa na kanzu yangu, nashukuru ndani kwa ndani, maana utani msibani ni dawa. Wanaokuchekesha siku hiyo wanakwambia bado u mtu wao.

Kulwa akasimama, akaja mbele ya jeneza, pale nilipokaa. Wanaomjua kuwa ni Mnyamwezi wakaanza kutabasamu kabla hajasema. Mie pia nilingoja. Niwe mkweli, nilingoja kwa hamu. Nilitaka aniite mtumwa wake. Nilitaka ang'oe kofia yangu kichwani aende nayo Tegeta. Angenitukana matusi yote ya Unyamwezini, ningejua nimesamehewa.

Akainama mpaka usawa wa sikio langu.

"Utani pembeni," akasema. "Pole sana, mzee."

Akarudi kukaa. Watu walidhani uchungu umemzidi. Jeneza likatoka, hakuna aliyelizuia tena.

Sikulia siku ile, wala sijalia baadaye. Nimekaa tu. Alinipa kweli, kama inavyotakiwa ukishasema maneno yale. Sie si watani tena, mie na yeye. Nami ndiye niliyeufunga mlango, nikiwa na grisi mkononi.

Siku hizi kila ofisi inaleta kompyuta. Nasikia watu wanauliza itafaa au itashindwa, wanaikagua mashine, wanakagua waya. Nyie wakubwa, mkamwangalie pia yule aliyekaa kwenye dirisha la stoo. Mwambieni mapema, kwa kinywa, kesho yake atakuwa wapi, na mwambieni tena, maana mara ya kwanza hatawaamini.

Nawe uliyekaa dirishani. Mgeni akija kukuuliza jina la kitu, na ukaona moyo unakudunda, mwambie naogopa. Neno lenyewe ni fupi. Mie nilikuwa nalo siku ile, nikasema jike.

Dume moja liko hapa kwangu, linazuia mlango upepo usiubamize. Nikitoka alfajiri kwenda kuswali hulisogeza kwa mguu. Nikirudi hulirudisha pale pale.